Siku nne Muscat, na gari hadi Sur: naombeni muongozo (mama mkwe yumo msafarani)

Mtoto wa Buza (mwanzisha uzi)

Wakuu, asalaam alaykum na habari za humu ndani.

Mwezi wa kwanza tunakwenda Muscat watu watatu: mimi, mke wangu na mama mkwe. Mama ana dada yake kule tangu miaka ya sabini, hawajaonana macho kwa macho mwaka wa kumi na moja huu, na yeye ndiye sababu ya safari nzima. Tiketi zimeshakatwa, viza zimeshatoka. Tunatua Alhamisi alfajiri, tunaondoka Jumapili usiku. Hizo ndizo siku nilizopewa kazini, hakuna cha kuongeza.

Sasa mimi nina ugonjwa wangu mmoja. Nikifika mji wowote nataka kujua barabara inayotoka inakwenda wapi. Nimeangalia ramani nikaiona hiyo ya pwani kutoka Muscat kwenda Sur, milima mkono mmoja, bahari mkono mwingine, kama kilomita 200 hivi. Nataka nikodi gari niiendeshe mwenyewe. Je, inawezekana kwenda na kurudi siku hiyohiyo au tulale? Gari dogo linatosha au lazima lile la kupanda milima? Na mji wenyewe nisiukose, maana mke wangu ameshatamka kwamba asipouona Msikiti wa Sultan Qaboos na soko la Mutrah tutarudi hatusemeshani.

Mama ana miaka sitini na nane, anatembea vizuri ila magoti yanamsumbua kwenye ngazi. Kuendesha sina shida, Dar–Mwanza nimeipiga mara nyingi tu.

Wenyeji karibuni.

Nauli Kamili

Ngoja wenyeji waje. Ila kaka, njia ya pwani si ipo hapahapa? Dar, Bagamoyo, Pangani, Tanga. Unapanda ndege saa tano na ushee kwenda kutazama maji ya chumvi?

Mtoto wa Buza

Mkuu, dada yake mama mkwe hakai Pangani.

Kaskazi Mwanana

Waalaykum salaam ndugu yangu. Kwetu Unguja, ila Muscat niko mwaka wa kumi na tisa huu, na hiyo njia ya Sur naipita kila nikipata wageni, hata nimechoka kuieleza.

Jibu la mkato: laleni Sur. Kilomita 200 kwa barabara ya huku ni saa mbili tu, ndiyo maana watu wanajidanganya kwamba watakwenda na kurudi. Wanafika, kweli. Lakini piga hesabu. Utoke saa kumi na mbili asubuhi, Wadi Shab, lile bonde la madimbwi ya kuogelea, peke yake inakula saa nne, tia shimo la maji la Bimmah, tia chakula, ushaingia alasiri. Na mwezi wa kwanza jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Sur utaiona kwenye kioo cha gari, halafu urudi gizani umechoka, mama yuko kiti cha nyuma anaguna.

Halafu hizo tarehe zako. Wikiendi ya huku ni Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa asubuhi mji umelala fofofo, soko la Mutrah limefungwa, duka la mkate utalitafuta. Kwa hiyo asubuhi hiyo usiipoteze mjini, ndiyo ya kutokea. Tatizo ni kwamba nusu ya Muscat nayo inakwenda Wadi Shab Ijumaa, ila wao wanatoka wameshaamka kwa raha zao, na majiko na mikeka. Wewe watangulie. Saa mbili asubuhi uwe umeshapanda boti ya kuvukia kuingia bondeni.

Alhamisi mkishatua, laleni. Usijitie ushujaa. Saa ya huku iko mbele ya Dar kwa saa moja, na usingizi wa ndege ni mbaya. Kuanzia saa kumi jioni ndipo soko linafunguliwa tena baada ya mapumziko ya mchana. Ingieni kwa lango la baharini, msiwasikilize wauza mashali wa mwanzo, piteni mpaka ndani kwenye ubani. Ulizeni Hojari, ule mweupe unaoelekea ukijani, unatoka Dhofar. Kofia za huku, kumma, ni kofia yetu ya viua, na ile iliyoshonwa kwa mkono bei yake itakufanya uishike kwa heshima. Halua msinunue sokoni kabla ya kuonja tatu nne. Wazee wetu wanabishana mpaka leo kama halua ya Unguja imetoka huku au ya huku imetoka Unguja, mimi nimeshajitoa kwenye ugomvi huo.

Msikiti mkuu acheni mpaka Jumapili asubuhi, na sababu yake watu wengi hawaijui. Nyinyi Waislamu mnaweza kuingia wakati wa sala, lakini mkeo akienda kusali ataelekezwa ukumbi wa wanawake. Zulia lile la mita 70 kwa 60, lililofumwa na wanawake 600 wa Iran kwa miaka minne, na taa ya kuning'inia yenye urefu wa mita 14, vyote viko ukumbi mkuu, wa wanaume. Akitaka kuviona aende saa za wageni, saa mbili hadi saa tano asubuhi, Jumamosi mpaka Alhamisi. Ndiyo maana nasema Jumapili.

Sasa njia. Mnatoka mjini kwa Wadi Adai na Al Amerat, mnafuata vibao vya Quriyat kisha Sur. Nikutahadharishe mapema usije ukanilaani: hadi Quriyat huioni bahari. Ni milima mitupu, mikavu, rangi ya kutu na mkaa, hata jani hakuna. Wengine wanaona ni ubaya, mimi naona ndiyo uzuri wenyewe, maana unazoea ukavu huo kisha ghafla bahari inafunguka chini yako. Kuanzia Dibab mpaka Fins, Tiwi na Qalhat, milima ya Hajar inashuka mpaka inakaribia kutia miguu majini. Hapo ndipo pa kupunguza mwendo. Fins ukiweza acha barabara kuu, shuka ile njia ya zamani ya ufukweni, simama, zima gari.

Shimo la Bimmah liko njiani, bure, hata dakika arobaini zinatosha. Wenyewe wanaliita Hawiyat Najm, shimo la nyota, kwa hadithi kwamba nyota ilianguka ikatoboa ardhi. Ukweli ni mwamba wa chokaa ulioliwa na maji chini kwa chini mpaka paa likaporomoka. Maji ni kijani cha kupendeza, na kuna visamaki vinakuja kudonoa ngozi iliyokufa miguuni. Ila ngazi zake ni za saruji na ni nyingi. Mama abaki juu kwenye bustani, kuna kivuli na vyoo.

Gari dogo linatosha kabisa. Lami tupu mpaka mlango wa hoteli.

Dereva Njiapanda

Mkuu, samahani, Dar–Mwanza haikusaidii kitu kule. Wanaendesha kulia.

Barabara kuu si shida, unafuata wenzako. Mazoea yanakusaliti ukiwa peke yako: unatoka sheli alfajiri hakuna gari hata moja, mkono unakupeleka kushoto wenyewe. Na kipilefti. Sisi tumeziita kipilefti, kule hilo jina lifute kichwani kabla hujaingia. Unazunguka kinyume na ulivyozoea, na anayekuja kutoka kushoto ndiye mwenye haki. Jambo la tatu utacheka: gari za usukani wa kushoto, indiketa iko mkono wa kushoto. Siku ya kwanza kila ukitaka kukata kona utawasha waipa.

Mwambie mkeo akae mbele na kazi yake iwe moja tu, kusema "kulia" kila mnapotoka sehemu. Usione aibu. Mimi nimeendesha malori miaka ishirini na nilisemeshwa na mtoto wa darasa la nne.

Mwendo mwisho 120 barabara kuu, na tochi za kule ni kamera, hazina askari wa kuteremka ukaongee naye. Leseni ya kimataifa itafute huku kabla hujaondoka. Na miwani ya jua, maana alfajiri hiyo unaelekea kusini mashariki na jua litakuchoma machoni mpaka uone nyota mchana.

Baada ya Sur kuelekea Ras al Hadd, usiku, punguza mwendo. Ngamia rangi yake ni ya barabara.

Binti Mikindani

Wanaume mmeongea barabara tu. Mimi nilikwenda na dada zangu wawili na mtoto wa miaka sita, niwaeleze Wadi Shab ilivyo ili mke wako ajipange.

Mnaegesha chini ya daraja la barabara kuu, hapo kuna vyoo, na hivyo ndivyo vyoo vya mwisho. Boti inawavusha maji ya dakika mbili, rial moja kwenda na kurudi, wekeni chenji. Muulizeni mwenye boti mwisho saa ngapi, msijifanye mnajua. Kisha mnatembea kama dakika arobaini na tano mpaka saa nzima: mwanzo mitende na migomba, mfereji wa maji wa falaj unapita pembeni yenu, halafu mawe. Mawe makubwa, laini, yanateleza. Mama asiende. Si suala la magoti tu, hakuna pa kukaa na hakuna wa kumrudisha.

Madimbwi yenyewe unaogelea moja baada ya jingine, mengine maji kifuani, mengine hayana mwisho. La mwisho lina ufa kwenye mwamba, upana wake ni kichwa chako tu. Unapita uso ukiwa juu ya maji, unatokea pangoni ndani, na maporomoko ya maji yanakumwagikia. Asiyejua kuogelea aishie dimbwi la kwanza, na si aibu, mimi niliishia hapo.

Nguo: dera halifai. Nilivaa dera. Likilowa linakuwa zito kama godoro na linakuzonga miguuni. Vaa taiti na fulana ndefu ya mikono, na viatu vya raba vya kulowa, si kandambili. Huko ni kijijini, watu wanaishi, hata wanaume msitembee vifua wazi mpaka mfike madimbwini.

Na mbingu. Mkiona mawingu meusi juu ya milima, hata kama kwenu jua linawaka, geuzeni. Wadi ni mto unaosubiri mvua, na mvua za huko ni za majira hayohayo mnayokwenda.

Jabali Kavu

Naona mmeshamfungisha safari ya Sur. Sur hakuna kitu, mji umelala. Ijumaa asubuhi mtu mwenye akili yuko Nizwa kwenye mnada wa mbuzi. Watu wanazungusha wanyama kwenye duara, wazee na fimbo zao, kelele, kisha unapanda ngome. Saa moja na nusu kutoka Muscat na unarudi kulala kwako.

Kaskazi Mwanana

Nizwa ni nzuri, sibishi, na mnada ule ni wa Ijumaa kweli. Lakini mwenzetu ameuliza bahari, wewe unampa mbuzi. Na huko kulala kwa Sur ndiko ninakokupenda mimi.

Mzee wa Boriti

Nimesoma kurasa zote. Mwaongea madimbwi na kofia, hakuna hata mmoja aliyeuliza Sur ni nini kwetu.

Mimi ni mtu wa Lamu. Babu yangu akikata mikoko, na mteja wake alikuwa jahazi la Sur. Walikuja na kaskazi, Disemba mpaka Februari, wameleta tende, chumvi na papa mkavu. Kusi ikianza, Aprili hivi, hao wanarudi na boriti za Lamu na za delta ya Rufiji. Ghuba hakuna miti ya kuezekea. Ndiyo maana vyumba vya nyumba zao za zamani ni vyembamba, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Ukiingia ngome yoyote huko tazama juu darini. Pengine unatazama msitu wetu.

Na tusifiche la pili. Majahazi hayohayo yalibeba watu. Sur ilikuwa bandari ya watumwa, na mengine yakipeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Waingereza zisiyapekue. Wakubwa hao wawili wakafikishana mpaka kwenye usuluhishi The Hague, hukumu ikatoka 1905. Ukisimama pale bandarini yakumbuke yote mawili.

Kuna jahazi pale limewekwa nchi kavu, Fatah al-Khair, liliundwa Sur 1951. Lizunguke polepole, tazama tezi yake ilivyochongwa. Karakana ya majahazi nayo ingali hai, ingawa mafundi wengi sasa ni Wahindi.

Kabla ya Sur utaona kaburi lenye kuba lililovunjika. Hiyo ni Qalhat, na kaburi wanaliita la Bibi Maryam. Ulikuwa mji mkubwa, Wareno wakauchoma 1508, na mwaka 2018 UNESCO wakauingiza kwenye urithi wa dunia. Ibn Battuta alipita huko karne ya 14 baada ya kutoka Kilwa kwetu. Aliteremka Sur, akaiona Qalhat kama iko karibu, akaamua kwenda kwa miguu. Mwenyeji aliyemkodi ikawa anataka kumwibia nguo. Alifika miguu imevimba, damu karibu itoke chini ya kucha, akalala siku sita hawezi kusimama. Akasifu msikiti aliojenga huyo Bibi Maryam, na akasifu samaki. Nyinyi mna gari lenye kiyoyozi, msilalamike.

Na mjini Muscat, zile ngome mbili zinazotazamana juu ya bandari ya zamani, Jalali na Mirani, ni kazi ya Wareno walewale wa Ngome ya Yesu Mombasa. Waomani wakawatoa Muscat 1650, wakawafuata mpaka Mombasa, 1698 wakawatoa na huko.

Nauli Kamili

Mzee heshima yako. Haya, nimeacha utani. Gharama zikoje?

Kaskazi Mwanana

Rial moja ni dola mbili na senti sitini, haibadiliki, imefungwa kwenye dola. Gari dogo ni rial 10 hadi 15 kwa siku, na dhamana juu yake. Petroli lita moja haifiki robo rial. Muscat, Sur, Ras al Jinz (ufukwe wa kasa, mbele ya Sur) na kurudi ni kama kilomita 500, kwa gari dogo lita 35, rial nane na ushee. Bimmah bure, Wadi Shab ile rial ya boti. Mishikaki ya barabarani huku wanaiita mishkak, utashiba kwa rial mbili. Kinachouma ni hoteli, na wikiendi Sur zinajaa, kwa hiyo shikeni mapema.

Ras al Jinz, kwenye kasa, pia mshike mapema. Wanapeleka watu usiku na alfajiri pamoja na muongozaji. Msimu wao mkubwa ni kiangazi, mwezi wa kwanza wapo wachache, bahati yenu.

Mtoto wa Buza

Mrejesho, wakuu. Tumerudi Jumatatu.

Kwanza msafara uliongezeka. Alhamisi usiku nilipotaja kwamba kesho tunakwenda Sur, dada mtu akasema hawezi kumwona mdogo wake leo kisha kesho apelekwe Sur na watu wengine. Kwa hiyo tukawa wanne, hao wawili nyuma. Saa kumi na mbili mliyonipa ikawa saa moja na dakika ishirini, kwa sababu haiwezekani kusafiri bila mandazi na mandazi hayawezi kuwa ya jana. Ndoo ya mandazi, chupa mbili za kahawa, mkeka, mito miwili. Nikaambiwa nisihesabu mizigo, niendeshe.

Dereva Njiapanda, waipa niliziwasha mara tisa kabla ya Quriyat. Mke wangu alihesabu. Na "kulia" aliisema vizuri sana siku ya kwanza, siku ya pili akaanza kuisema hata kwenye mambo mengine.

Kaskazi Mwanana, ulisema kweli kuhusu bahari. Milima inakubana, inakubana, nikaanza kuona nimedanganywa, halafu baada ya Quriyat barabara inainama na ile buluu yote inakuja mara moja. Nikasema "mama, tazama!" Nyuma huko wako Wete mwaka 1969, wanabishana nani aliolewa na nani kwanza. Nikasema tena Fins. Niliposimama na kuzima gari walinyamaza kidogo, nikadhani sasa wanaangalia. Kumbe walikuwa wanatafuta jina la mtu.

Wadi Shab tulifika saa tatu na nusu na maegesho yameshajaa, kosa letu. Tukatandika mkeka chini ya daraja, tukawaacha. Mimi na mke wangu tulipita kwenye mawe, yeye akaishia dimbwi la kwanza kama Binti Mikindani. Mimi nilifika kwenye ule ufa. Niseme ukweli, nilisimama pale dakika tano. Kichwa kinapita, masikio yako majini, unasikia pumzi yako tu na mwamba uko kidole kimoja juu ya pua. Ni kama mita chache. Ukitokea ndani, mwanga unaingia kwa juu kwenye tundu, maji yanaanguka, kuna kamba ya kupandia, na watu unaowakuta wote wanacheka bila sababu. Nami nikacheka.

Tulirudi saa nane. Wale wawili hawajasogea hata kiganja. Ndoo ya mandazi ilikuwa tupu, familia ya jirani walikuwa wamewaletea kahawa ya iliki na tende, na mama alikuwa ameshajifunza kutikisa finjani akitosheka, anaonyesha kama vile amezaliwa nayo.

Kwa kuchelewa huko, karakana ya majahazi tulikuta lango limefungwa. Tukaiona Jumamosi asubuhi. Mzee wa Boriti, kulikuwa na jahazi moja mbavu tupu, mbao za mtiki, fundi amechuchumaa ndani anapiga pamba kwenye nafasi za mbao kwa patasi na nyundo, mlio mkavu, tak tak, unarudishwa na maji. Nilimsimamia mpaka mke wangu akanivuta. Fatah al-Khair niliizunguka mara mbili. Kaburi la Bibi Maryam tuliliona kutoka barabarani, nikawaeleza habari zake, mama mkubwa akauliza, "Bibi Maryam yupi?" Nikajibu wa Qalhat. Akasema hamjui.

Kasa tulikwenda mimi na mke wangu usiku wa Ijumaa, wazee wakagoma. Tulimwona mmoja tu, na sikutaka wa pili. Alikuwa anafukia mayai, taa nyekundu ya muongozaji imemulika nyuma yake, anarusha mchanga kwa makasia yale mpaka unatupiga miguuni, anapumzika, anavuta pumzi kama mtu mzima aliyepanda ngazi. Watu ishirini wamesimama hakuna anayekohoa.

Jumamosi jioni tuko Muscat, naegesha, mama mkwe ananiuliza kwa upole kabisa: "Baba, na ile bahari uliyokuwa ukiisema, tumeipita saa ngapi?"

Jumapili msikiti, saa za wageni, mke wangu ameliona zulia na amani imerejea.

La mwisho ni la onyo. Kampuni niliyokodi gari, sitaitaja, walipopokea gari wakaonyesha mkwaruzo kwenye bampa wakataka kukata dhamana. Alhamisi nilikuwa nimelizunguka gari lote na simu nikirekodi, mkwaruzo unaonekana pale pale na tarehe yake. Wakatazama, wakanirudishia. Rekodi, wakuu, hata kama mhudumu anakuharakisha.

Nauli Kamili

Petroli iliishia ngapi?

Mtoto wa Buza

Rial nane na baisa mia sita. Kiyoyozi hakikuzimwa, amri kutoka nyuma.

Nauli Kamili

Nimehifadhi uzi. Ila Pangani ukienda nistue, nina ndugu pale mwenye boti.